Nani Anamrudisha Nani?

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya jamii kwenye mkutano wa hadhara wa Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma)



Awali ya yote tunawashukuru mlioacha foleni ya maji mkaja kutusikiliza. Mada tuliyopewa iliandikwa kwenye kikaratasi kwa maneno mawili tu: "kurudisha nyumbani". Kamati iliketi juu ya maneno hayo jioni mbili bila kuelewana, maana kila mjumbe alikuja na maana yake. Mmoja alidhani ni ile fomu ya kurejea kwa hiari. Mama wetu anayeshughulikia misiba alidhani ni habari ya maiti. Na mzee mmoja alicheka sana, akasema kwake yeye maneno hayo ni habari ya mke aliyekimbilia kwa wazazi wake. Mwishowe tukakubaliana tuyaseme yote, na tuanze na ya mzee, kwa sababu ndiyo yaliyotufungua macho.

Kwetu, mke akigombana na mumewe, akafunga vitu vyake kwenye kitenge akaenda kwa baba yake, mume hawezi kwenda kumchukua kama mtu anavyofuata baiskeli yake kwa jirani. Huenda na wazee. Wakifika huketishwa, na huachwa wakae muda mrefu bila kuulizwa neno, makusudi. Kisha baba wa mke huanza. Haulizi atarudi lini. Huuliza: mwanangu alikimbia nini? Hapo mume aeleze mbele ya watu. Likiisha hilo, baba huuliza la pili: na hicho alichokikimbia, sasa kiko wapi? Kama ni pombe, umeiacha? Kama ni fimbo, nani atatuhakikishia? Baada ya hayo huitwa mwanamke mwenyewe, naye husema kwa kinywa chake. Akisema "bado", wazee hunyanyuka wakarudi mikono mitupu, na hakuna anayemwita mkaidi. Watakuja tena siku nyingine.

Tulipokwisha kumsikiliza mzee, mwalimu mmoja wa kamati alikwenda kuleta kitabu chake chenye Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Akatusomea ibara ya 5. Inasema kurejea ni kwa hiari, na kwamba mkimbizi asirudishwe kinyume cha matakwa yake. Inasema nchi iliyompokea na nchi aliyotoka zipange pamoja namna ya kumrejesha salama. Inaitaka nchi aliyotoka imsaidie kukaa tena na kumpa haki zote walizo nazo raia wengine, na imkataze mtu yeyote kumwadhibu kwa sababu aliwahi kukimbia. Mzee akasema: hao walioandika nao walikuwa na wake. Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo. Mkutano wa pande tatu, yaani Serikali hii, serikali ya kule na UNHCR, ndicho kikao cha wakwe. Sharti tu binti aulizwe.

Ndugu zetu, tutazame hata Kiswahili chenyewe. Anayerudi anatembea kwa miguu yake. Anayerudishwa amebebwa, au ameswagwa. Mbuzi hurudishwa zizini, jembe hurudishwa kwa mwenyewe. Kwa hiyo kila tukisikia mtu anarudishwa, ni haki yetu kuuliza nani anamrudisha, na kama huyo anayerudishwa ameulizwa.

Mkoa jirani wa Kagera unakumbuka vizuri. Tarehe 5 Desemba 1996 lilitolewa tangazo la Serikali na UNHCR kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa Tanzania wawe wamerudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi ule ule. Walikuwa karibu nusu milioni. Wengi walijaribu kwanza kuelekea upande mwingine, ndani zaidi ya nchi, wakageuzwa njiani. Watu walivuka daraja la Rusumo na magodoro kichwani kwa siku nyingi mfululizo. Hatukusimama hapa kuhukumu. Wakati ule nchi hii ilikuwa imebeba mzigo mkubwa, na wenyeji wa Ngara walikuwa wamemaliza kuni na maji. Tunalitaja kwa sababu wengi wetu ndio kwanza tulikuwa tumefika hapa mwezi uliotangulia, tukitoka Fizi na Uvira, na habari zile zilitukuta tukichimba mashimo ya nguzo. Tulijifunza mapema kwamba hema linaweza kung'olewa.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, meli ya Liemba ilikodishwa kuwavusha Wakongo kutoka Kigoma kwenda Uvira, ikavusha watu zaidi ya 75,000. Meli hiyo yenyewe ina historia yake: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha ziwani mwaka 1916 ili isitekwe, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Basi watu walipanda wakiimba. Waliacha milango wazi, wakagawia majirani masufuria. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na wengi wa waliokuwa wameimba wakavuka ziwa tena usiku kwa mitumbwi, bila sufuria.

Je, walidanganywa? Hapana. Walikuwa wamejibiwa swali la kwanza la mzee tu. Waliyemkimbia alikuwa ameondoka kweli. Swali la pili, kile walichokikimbia kiko wapi, halikuwa na mtu wa kulijibu.

Kuanzia Oktoba 2005 safari zilianza tena, mara hii kwenda Baraka, na watu wengi walirudi kwa moyo wao. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na waliobaki wakahamishiwa hapa kwetu. Wengine waliorudi wanalima mpaka leo na wamejenga. Lakini kwa barua na kwa simu walitueleza jambo moja tena na tena: shamba. Umefika kijijini, unalikuta shamba la muhogo la baba yako, na mwembe wake upo palepale, lakini analima mtu mwingine. Na mtu huyo si mwizi. Naye alikimbia kutoka milimani, akapewa na chifu shamba lisilo na mwenyewe, akazika watoto wawili hapo. Sasa nyumbani ni kwa nani? Ukiongoza watu kurudi bila kulipanga hilo umewapeleka kwenye ugomvi mpya, hata kama meli ilikuwa na daktari na biskuti.

Wafanyakazi wa mashirika mliopo hapa, tunajua kazi yenu hupimwa kwa idadi ya waliopanda gari. Tungefurahi kama ingepimwa pia kwa idadi ya waliolala kwenye nyumba yao wenyewe baada ya mwaka mmoja.

Mwaka 2025 tulipata funzo jingine. Goma ilitekwa mwezi Januari, Bukavu mwezi Februari, na makumi ya maelfu ya Wakongo wakavukia Burundi. Januari hiyo hiyo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kila kambi yenye watu waliokuwa kwenye mpango huo iliona familia zilizokwisha kuuza vitanda zikirudi kulala chini. Kwa hiyo mtu asimtazame jirani yake aliyebaki akamwona mvivu wa safari. Milango yote miwili ilifungwa mbele yake mwaka mmoja.

Na ndugu zetu Warundi, mliokuja kuanzia mwaka 2015 na ambao tumegawana nanyi visima: tunajua kwenu swali hili lina moto zaidi. Hatutasema kwa niaba yenu, mnao viongozi wenu. Tunasema tu kwamba neno "hiari" lina uzito pale ambapo neno "bado" linakubaliwa. Anayetaka kurudi asizuiwe wala kusengenywa kwamba amewasaliti wenzake. Anayesema bado asitishwe, asinyimwe haki yake ya mgao, wala asiambiwe na mwenzake mkimbizi kwamba anawachelewesha wengine.

Tuje kwa watoto, maana hapa neno linatukwama kooni. Aliyezaliwa hapa mwaka 1997 sasa ana watoto wake. Tukimchukua kijana huyo tukampeleka Fizi, je, tumemrudisha? Hajawahi kufika. Kumpeleka tumempeleka, lakini kumrudisha hapana. Kwake yeye hiyo ni safari ya kwanza. Tumewafundisha watoto wetu kusema "kwetu ni Kongo", nao wanasema, kwa Kiswahili cha Kigoma. Shuleni tumewafuatisha mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ili mlango wa huko usifungwe. Hilo tunaona lilikuwa jambo jema. Lakini wale waliorudi wanatuambia kwamba watoto huitwa Watanzania na wenzao, na hucheka wakitajiwa jina la mto ambao babu yao alivua samaki. Mtoto huyo anahitaji mtu wa kumwonyesha mto. Asipokuwapo babu, au shangazi, au hata jirani wa zamani, atakuwa mkimbizi kwa mara ya pili, na mara hii ndani ya nchi yake.

Kuna na wale ambao nyumbani kulikuja kuwafuata. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walikaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo zaidi ya miaka 40, wakalima mpaka wakalisha wengine, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 miongoni mwao na watoto wao walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Tunaitaja kwa heshima kwa Serikali hii. Hatukuitaja ili kuomba, maana kila jambo lina wakati wake, ila kuonyesha kwamba kumpa mtu nyumbani si lazima kumpandisha gari.

Wazazi, jambo dogo la kutenda: vyeti. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, buletini za shule, karatasi ya kliniki, na karatasi yoyote ya zamani ya shamba, hata iliyotoboka. Tieni kwenye mfuko wa nailoni, fungeni, tundikeni juu mbali na mchwa na moshi. Aliyerudi na karatasi alisikilizwa ofisini kule. Aliyerudi na maneno matupu aliambiwa aje kesho.

Sasa ya mama wa misiba.

Tarehe ya leo, 20 Juni, ina jambo lake kwa Wakongo. Mwaka 2022, siku kama ya leo, huko Brussels, Ubelgiji iliwakabidhi watoto wa Patrice Lumumba kisanduku kidogo. Ndani yake lilikuwamo jino moja. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali ili asiwe na kaburi la kuendewa. Polisi mmoja Mbelgiji aliyeshiriki kazi hiyo alichukua meno akaenda nayo kwake. Jino hilo lilikamatwa kwa binti yake mwaka 2016, na binti wa Lumumba, Juliana, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akidai kilichobaki cha baba yake. Lilipopatikana liliwekwa ndani ya jeneza la kawaida, la mtu mzima, likapelekwa kwanza Onalua alikozaliwa, kisha Kisangani, kisha Shilatembo alikouawa, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Jino moja lilizungushwa nchi nzima. Wapo waliouliza kwa nini gharama yote hiyo. Wazee wa hapa kambini hawakuuliza. Walikaa kando ya redio wakasema: afadhali, sasa amelala mahali.

Na wenyeji wetu wanalo la kwao. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitamka kwamba fuvu lirudishwe katika miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo na watu wa ukoo wake, akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Wapo waliohoji kama kweli ni lenyewe. Lakini Wahehe walilipokea, na lipo Kalenga mpaka leo.

Mwezi ule ule wa Juni 2022, kabla ya jino, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakungu. Alikikabidhi kwa mkopo usio na mwisho. Sisi tuliposikia tulitazamana. Mtu akikukopesha kuku wako mwenyewe, utamshukuru kwa lugha gani? Lakini hata hivyo kinyago kimefika, na watoto wa Kinshasa wanaweza kwenda kukitazama.

Mambo hayo ni ya wakubwa. Hapa kwetu makaburi ni ya watu ambao hakuna mfalme atakayewaleta. Tuna watu wetu wa Novemba na Desemba 1996, waliofika wamechoka na njia. Tuna watoto wa surua na wa malaria. Tuna wazee waliosema wazikwe vichwa vikielekea ziwani. Siku kambi hii itakapofungwa, maana kila kambi hufungwa, walio hai watahesabiwa, watapewa namba na magari. Hawa hawamo katika orodha yoyote.

Hivi karibuni kijana mmoja aliyekulia hapa, aliyepelekwa Marekani, alituma ujumbe akiomba picha ya kaburi la mama yake. Wajumbe wawili walitafuta siku tatu. Vibao vya msalaba vilikuwa vimeliwa na mchwa, na mvua imesawazisha vichuguu. Waliliona kwa sababu bibi mmoja alikumbuka kwamba siku ya mazishi hayo alikaa chini ya mti fulani akimnyonyesha mjukuu. Mti bado upo. Bibi huyo ana umri mkubwa. Ndugu zetu, kaburi zima la mtu lilikuwa limetegemea kumbukumbu ya bibi mmoja.

Kwa hiyo kamati imekata shauri kuanzisha daftari la makaburi. Tumenunua kaunta buku mbili kwa michango ya vijiji. Kwa kila kaburi tutaandika jina la marehemu, la baba na la mama, kijiji alichotoka huko kwetu, mwaka alioaga dunia, na mstari na namba ya mahali alipolala. Namba itapakwa rangi kwenye tofali la kuchoma, halitaliwa na mchwa. Vijana wawili wanaojua kupima watachora ramani. Makaburi ya Warundi yataandikwa vilevile, na wajumbe wao watakuwa pamoja nasi. Kwa Waislamu, shehe ameahidi kutuelekeza utaratibu. Kitabu kimoja kitabaki kwa kamati, cha pili tunaomba kihifadhiwe kwenye ofisi ya mkuu wa kambi, kwa sababu sisi tunaweza kuondoka na ofisi ikabaki, au ikawa kinyume chake.

Tuliomba saruji mahali fulani, tukaambiwa makaburi hayamo katika bajeti ya mwaka. Tunaelewa, vyoo kwanza. Ila shirika lenye rangi iliyobaki kwenye makopo, hata kama ni ya bluu, tutaipokea.

Atakayerudi akitaka kuchukua udongo kidogo wa kaburi la mtu wake kwenda nao ng'ambo ya ziwa, achukue. Wazee wamesema halina ubaya, ila aje kwanza kwa mwenye daftari, aandikishe, ili watakaofuata wajue kwamba ndugu yao amekwisha kujulishwa njia. Na asiyeweza kuondoka na mtu wake, kwa sababu mtu amelala na hawezi kubebwa, ataondoka na ukurasa: namba, mstari, ramani. Mjukuu wake akija kutafuta baada ya miaka 50 hatahitaji kumtafuta bibi wa kumwonyesha mti.

Kazi itaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, upande wa makaburi ya zamani, ule wa watu wa 1996 na 1997, maana huko ndiko vibao vimekwisha kabisa. Kila kijiji kilete watu wawili na jembe moja la kufyekea mpaka. Mwenye jina la mtu aliyezikwa upande huo aje nalo, hata kama hakumbuki tarehe. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia. Wazee wasioweza kutembea watufahamishe kwa wenyeviti wao wa vijiji, tutawafuata nyumbani jioni.